Rehani ya Ukingoni

Fuko alikuwa na ghala la mtama, na kila aliyetaka mbegu aliweka shimo lake rehani. Fuko alipima mashimo kwa kucha. Shimo la Panya, ukingoni mwa mto, lilikuwa na udongo laini, basi Panya akapewa mbegu. Nungunungu wa mlimani alinyimwa.

“Mawe yako hayo, mama, nitamuuzia nani?”

Mwaka huo mto ulifurika tena, kupita mwaka uliotangulia. Ulisomba mashamba, ukajaza mashimo ya rehani, ukabeba na ghala. Fuko akapanda mlima, amelowa, amechoka.

“Pita ndani, bwana Fuko,” alisema Nungunungu. “Mawe yangu hayana mnunuzi, lakini ni makavu.”

Ndani, Panya aliwasogeza wanawe ukutani, mdai wake apate pa kulala.