Nondo wa Nanay Isidra

"Umechelewa," Nanay Isidra alimwambia nondo. "Kakao imeshapoa."

Jovelyn, muuguzi mpya wa kijiji, alisimama mlangoni na kipimo chake cha presha, asijue aingie au arudi. Mezani kulikuwa na kikombe cha pili, mbele ya kiti kitupu. Juu ya kiti hicho nondo wa kahawia alikuwa ametulia ukutani, mabawa kayatandaza bapa kama jani kavu lililobandikwa.

"Ingia, binti. Huyu ndiye Teroy wangu."

Jovelyn aliingia taratibu. Hata kwao Cebu mjini, bibi yake alikataza kumfukuza nondo aliyeingia ndani. Huenda ni mtu wako aliyefariki amerudi kukuona. Akatazama orodha yake ya wazee wa kupimwa. Nyumba hii ilikuwa na majina mawili: Isidra na mumewe Eleuterio, huyo Teroy.

"Pole, Nanay," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa sijasikia sauti yake humu ndani."

"Na yuko…?"

"Amelala nyuma ya nyumba, penye kisiki cha mkakao."

Mjini watu huzikwa makaburini, lakini huku milimani Bohol, nani ajuaye? Jovelyn akalikata taratibu jina la Eleuterio, kisha akafunga mkanda wa kipimo kwenye mkono wa mama yule.

Nanay Isidra alikuwa na shughuli na nondo.

"Mkakao wa mama yangu! Viwavi watatu wanne wanajikunja juu ya majani kama mafundi wanaopima kitambaa, basi mwenzangu mbio kwenye shoka. Kuniuliza? Wapi! Na usijifanye huna masikio, viwavi wenyewe ni wanao!"

Nondo hakutikisika.

"Umeona, binti? Mkaidi vilevile."

Jovelyn nusura acheke, akajiona hana adabu. Presha ilikuwa juu kidogo.

"Lakini mti ni mti tu," mama akaendelea, sauti ikimlegea, kisha akaipandisha tena kama anayesema na mtu aliye ng'ambo ya mto. "Nikipata nafasi ya kusema naye, nitamwambia yaishe. Miaka arobaini na mmoja! Kitanda kimekuwa kipana. Nageuka huku, nageuka kule, simpati."

Machozi yalimlenga Jovelyn. Akamshika mkono.

"Anakusikia, Nanay. Mimi naamini anakusikia."

"Na asikie basi!"

Pazia la jikoni likafunuka. Akatoka mzee mwenye fulana iliyotoboka, nywele zimesimama kwa usingizi, akajibwaga kwenye kile kiti bila kumtazama mama.

"Binti," akamwambia Jovelyn, ambaye alikuwa ameshapanda juu ya benchi kwa hofu, "mwambie huyo nondo kwamba wiki tatu za kulala kwenye machela ya kamba huko nyuma zimenivunja mgongo."