Kila Nyumba na Kipande Chake

Lori la kwanza la depo ya Serikali, iliyopanuliwa mwaka huu, lilimkuta Mama Germaine katikati ya barabara yetu, na jembe lililolika hadi upana wa kijiko.

"Toka, Mama! Barabara ni ya Serikali," mkubwa wa depo alifoka kutoka dirisha la lori.

"Wakati wa vita Serikali ilikuwa wapi? Sisi njo tulilima hii barabara, kila nyumba na kipande yake. Malori zikipita mbio hapa, batoto batafika masomo namna gani?"

Milango ikafunguka. Akina mama wakatoka na majembe, kila mmoja akasimama penye kipande chake, hadi kanisani. Kimoja tu kilibaki wazi, kati ya Mama Germaine na tairi.

Dereva akazima injini, akashuka, akasimama pale.

"Hapa njo kipande ya mama yangu," akasema.