Mbayuwayu wa Mzee Shekiondo

"Wallahi, kweli tupu, mbayuwayu wamerudi," Mzee Shekiondo alimwapia mkewe. "Kesho amka mapema uwasikie."

Bi Mwanaidi alimtazama kwa jicho la pembeni. Tangu mbu wafutwe duniani, chandarua chake kilifunika mchicha bustanini, lakini ndege waliokula mbu nao walitoweka. Mumewe alikuwa amebisha na kuweka dau: watarudi, wasiporudi achinjwe jogoo wake wa pekee.

Alfajiri sauti zikasikika upenuni. Bi Mwanaidi akakagua ukuta.

"Mbayuwayu gani hawa hawanyi?"

Akazunguka nyumba. Mumewe alikuwa amechutama nyuma ya pipa la maji, akipiga mluzi.

"Baba Ngulu, lete kisu," akamwambia mumewe.

Mchuzi ulikuwa mtamu. Asubuhi iliyofuata waliamka wamechelewa, kwani hapakuwa hata na wa kuwika.