Walioshukia Mbali

Pikipiki ya kwanza ilizimwa ikiwa bado mbali, pembeni ya shamba la pamba, na abiria wakashuka. Nilidhani mafuta yameisha. Ya pili nayo ikazimwa palepale. Nyuma yao wazee wenye baiskeli wakashuka pia, wakaanza kusukuma kuja kwetu.

Tulikuwa tunajiandaa kumzika baba, Mzee Masalu, mpeleka barua mstaafu. Mama hakuwa amekaa tangu asubuhi. Alisonga ugali wa waombolezaji, na kila aliyemshika mkono alimjibu, "Niache, watu hawajala."

"Hawa ni wa wapi?" nilimuuliza shangazi.

"Wa kwetu Bukundi, nilikoolewa."

"Mbona wanasukuma?"

Alinishangaa. "Baba yako hakuwahi kukwambia? Barua za kawaida alizileta amepanda baiskeli, anapiga kengele. Akiwa na telegramu ya msiba, alishukia mbali akasukuma baiskeli mpaka mlangoni. Alitaka tumwone mapema, tupate muda wa kukaa chini."

Miaka yote ile alikuwa akirudi nyumbani jioni, anatubeba mgongoni, anacheka.

Zilisikika tairi kwenye mchanga, na mnyororo mmoja mkavu uliokuwa unalia. Msururu ulikuwa umefika kwenye kona ya barabara, na kule nyuma watu walikuwa bado wanashuka.

Mama aliwaona. Aliwatazama kwa muda, akaweka mwiko juu ya sufuria, akafuta mikono kwenye kanga.

Kisha akakaa chini.