Siku ya Kuzima Swichi ya Hafswa

Mama mwenzangu, ukiwa na moyo wa woga kama wangu, usimpelekee mwanao chakula kazini siku anayojaribu mitambo.

Nilimkuta binti yangu Hafswa kwenye chumba cha kompyuta cha hoteli moja hapa Diani, baridi kama ndani ya friji. Seva nyembamba zimesimama kabatini kama sahani. Juu yake swichi mbili za kugawa mtandao, taa zote kijani.

"Wageni wana njia yao, ofisi ina njia yake," akanieleza. "Njia hizo ndizo VLAN. Kama harusini, mlango wa wanaume na mlango wa wanawake. Swichi moja ikifa, ya pili ibebe zote. Sasa naizima hii."

"Na ya pili isipobeba?"

"Hoteli nzima inakwama, na mimi kazi sina."

Mkuu wake alisimama mlangoni, akitutazama.

"Basi iache, mwanangu. Si inafanya kazi?"

Akacheka. "Mama, Ramadhani nani huwasha gesi, kisha akakoka na makaa pembeni, gesi isije ikaisha kabla ya adhana?"

"Ni mimi," nikakiri.

"Basi hii ya pili ndiyo makaa yako. Nataka nijue kama yamekolea."

Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye plagi ya swichi ya kwanza.

"Soma Bismillahi, tuvute pamoja."

Tukavuta. Nikafumba macho, wala sikuyafumbua mpaka nilipomsikia mwanangu akishusha pumzi: "Imebeba."