Siku ya Salha Kucheza

Mtoto anapotimiza miaka mitano, kamera za chekechea humtazama akicheza, na mchezo wake huamua kazi atakayoifanya maisha yake yote. Mwalimu Shani alikuwa ameshuhudia mamia ya watoto wakipangiwa, bila kutia neno. Siku ya bintiye Salha ilipofika, alimwekea vipande vya mbao, kwani nyumbani walikuwa wamefanya mazoezi ya kujenga madaraja mwaka mzima.

Salha hakuvigusa. Aliwapanga wanasesere mstari mmoja, akawainamia.

“Chezeni kama mlivyofundishwa, wanangu,” aliwanong’oneza. “Mkikosea, mama atakwenda kulia jikoni tena.”

Ukutani pakaandikwa: mwalimu wa chekechea.

Walimu wenzake Shani wakapiga makofi. “Hongera, Mwalimu! Amekurithi!”

Shani aliwashukuru, akamwita mtoto aliyefuata.