Nafasi ya Kumi na Mbili

"Kanisa la huko lina milango mingapi?"

"Mitatu," alijibu Evarista. "Miwili ya mbele, mmoja wa pembeni anaopitia padri."

Kwa wiki mbili alikuwa amekikariri kijiji kile alichodai ni kwao kama anavyokariri majedwali ya kuzidisha. Rafiki yake aliyezaliwa huko kweli ndiye aliyemfundisha: jina la kiongozi, njia ya kisimani, ukoo wenye ng'ombe wengi, mwaka daraja liliposombwa na maji. Hakuwa na uhakika na kitu kimoja tu. Kinywa chake.

Celestini, mwenyekiti wa kamati ya shule, hakuonyesha kama jibu lilikuwa sahihi. Alikuwa mtu mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Evarista alipoingia alimwamkia shikamoo, naye akamtazama bila kuitikia. Kando yake alikaa Mwalimu Anjelika wa sayansi, na fomu ya Evarista ikiwa mezani kati yao.

Ilikuwa Agosti 1996, upande wa Ngara. Darasa maalumu la sayansi lilichukua wanafunzi kumi na wawili tu, na kumi na mmoja walikwisha kupita.

"Kadi ya familia iko wapi?"

"Ilipotea, mwenyekiti. Mtoni."

"Kila anayekuja kutudanganya, kadi yake imepotea mtoni."

Nje ya dirisha wazazi walikuwa wamesongamana. Hawakujali kama anawasikia. Mwanamke mmoja alisema watoto wao wenyewe mia mbili wamekosa nafasi, na huyu wa kutoka kusikojulikana amekuja kubanana humohumo. Mwingine akatema mate. Evarista alikaza macho kwenye fomu.

"Mtihani wake ndio wa kwanza," alisema Mwalimu Anjelika kwa sauti ya chini. "Anayemfuata ameachwa alama kumi na tatu."

"Sijauliza alama. Nauliza huyu ni nani."

Mwalimu Anjelika akamgeukia msichana. "Kwa nini unataka darasa hili?"

Hilo Evarista hakuwa amelikariri, kwa hiyo lilimtoka lenyewe.

"Mdogo wangu alikufa kwa kuhara damu, mwaka ule mto ulipochafuka. Bibi akasema amerogwa. Nesi wa zahanati ya kata akasema ni vidudu vya kwenye maji. Nikamwomba anionyeshe. Akasema havionekani. Nikamuuliza, sasa wewe umevijuaje? Akanifukuza."

Mwalimu Anjelika alijikaza asicheke. "Na hapa?"

"Hapa mna hadubini. Niliiona siku ya mtihani, imefunikwa kitambaa. Nimekuja na maji ya mto kwenye chupa. Hata msiponichukua, naomba nitazame mara moja tu."

Kisha Celestini akaegemea mbele.

"Umesema zahanati ya kata?"

"Ndiyo."

"Kata," alirudia polepole, akaandika kitu pembeni ya fomu.

Evarista hakujua amekosea wapi, lakini alijua amekosea. Alitamani arudishwe kwenye hesabu, au aulizwe kwa nini chuma huzama na meli huelea. Huko hakuna mtu angemshika.

Celestini akaweka kalamu chini na ghafla akabadili lugha. Alimuuliza kwa Kirundi, haraka, kama mtu anayeuliza njia: asubuhi ya leo amekula nini, na nani alimpikia?

Evarista alijibu kabla hajafikiri. Jibu lilikuwa fupi, na lilimtoka vilevile wanavyosema nyumbani kwao.

Wale wawili wakatazamana. Mwalimu Anjelika akainamisha kichwa. Celestini akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na tabasamu lile halikuwa na wema wowote.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mmoja wa wale wanawake wa dirishani akaingia, akamnong'oneza mwenyekiti kwa muda mrefu huku akimnyooshea Evarista kidole. Maneno mawili tu ndiyo yaliyosikika: gulio la Mugoma, na mama yake.

"Asante, mama," Celestini alimwambia. "Nilikwisha kusikia mwenyewe."

Mwanamke akatoka. Nje minong'ono ikapanda, kisha kicheko.

"Mwenyekiti," alisema Mwalimu Anjelika, "miaka yote niliyofundisha sijaona mtoto wa namna hii. Tukimchukua tutapoteza nini?"

"Nafasi. Ya mtoto wetu."

"Na yeye ni mtoto."

"Ana kwao. Akasome kwao."

Celestini akachukua fomu, akaikunja mara mbili, akamrudishia Evarista mkononi. Evarista akasimama. Alimtazama mwenyekiti usoni, akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama akili ya mtu hubadilika kwa kuzaliwa upande huu au ule wa mto wa mpakani.

Mwenyekiti akaenda mlangoni, akaufungua wazi kabisa, akasimama kando ili apite.

"Sisi tulikimbia vita Burundi hatuna hata sufuria, na shule hii ndiyo kitu pekee tulichopewa wakimbizi," alisema. "Kwetu hakuna kata, na Kirundi chako si chetu. Wewe ni Mtanzania, binti, rudi kwenu Mugoma, ukaiombe serikali yako."